Tairi Nne Nilizochagua Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nusura niwaue watu wa nyumbani kwetu kwa sababu niliona haya kuuliza swali.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Mume wangu alikuwa amefariki, akaniachia shamba katika kijiji cha Hewani, kando ya mto Tana, na pikapu moja. Ndugu zake walitaka iuzwe, eti mwanamke hataiweza. Nikawaambia haiuzwi. Nilijifunza kuendesha, nikaanza kubeba ndizi na maembe ya wakulima wa Hewani na kijiji jirani cha Wema hadi soko la Garsen. Wapo waliokuwa wakikimbilia vichakani kwa mzaha wakiniona naja. Niliwapigia honi nikapita.

Ushujaa wote huo uliniishia kwenye duka la tairi sokoni Garsen.

Tairi za zamani zilikuwa zimelika kabisa. Mwenye duka hakuniuliza naendesha wapi wala nabeba nini. Alinivutia tairi nne zenye meno makubwa, nyeusi zinang'aa. "Mama, hizi ndizo tairi za Tana," akasema. "Hakuna tope litakalokushinda." Wanaume waliokuwa wamekaa pale wakaitikia. Mimi nilikuwa na maswali, mwanangu, lakini niliyameza nisionekane mjinga mbele yao. Nikafungiwa tairi hizo, nikaenda zangu.

Wiki chache baadaye Elina, mke wa kaka yangu, alishikwa na uchungu wa uzazi. Kaka alikuwa safarini. Nikampakia Elina pamoja na mama yangu mzazi, tukatoka Hewani mvua ikinyesha. Kusema kweli tairi zile zilipita matope vizuri, na moyoni nikajisifu. Tulipovuka Garsen na kushika lami kuelekea hospitali ya Ngao, gari likaanza kunguruma na usukani kutetemeka.

"Hiyo sauti ni ya nini?" mama akauliza.

"Ndivyo zilivyo," nikamjibu. Wala sikujua.

Hatujafika Tarasaa, tairi ya nyuma ikapasuka. Gari lilizunguka, likatoka barabarani, likalala ubavu kwenye vichaka vya miiba vya mathenge. Mtoto alizaliwa pale pale kando ya lami, mama akampokea kwa leso yake huku mvua ikitupiga. Alilia, ashukuriwe Mungu. Lakini Elina alikuwa amevunjika mkono wa kulia, na mkono ule haukupona vizuri. Mpaka leo hawezi kuunyoosha. Hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Lori la ng'ombe ndilo lililotufikisha hospitali. Pikapu ilivutwa hadi kwa Mzee Farah, dereva wa malori wa siku nyingi, Msomali, ambaye uzeeni alikuwa amefungua kibanda cha pancha pale Garsen. Nilimwendea siku ya pili nikitarajia pole. Sikuipata. Alichukua bisibisi akaielekeza ubavuni mwa tairi iliyopasuka, kwenye namba nne ndogo zilizozungushiwa mstari.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma.

"Mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Hii ilitengenezwa lini?"

Nikahesabu. Ilitengenezwa mwaka ambao mimi nilikuwa sijaolewa. Nilikuwa nimeolewa, nimekaa na mume, nimefiwa, na tairi ile ilikuwa imeanikwa juani muda wote huo inanisubiri. Mzee akaikunja kidogo, na chini ya ile rangi nyeusi ya kupakwa nyufa zikafunguka.

"Kusoma unajua," akasema. "Mbona hukusoma?"

Nikapitisha kidole juu ya zile namba.

"Na gari lako linapita wapi siku nyingi za mwaka?"

"Lami, na murram ngumu ya changarawe. Matope ni wiki chache tu."

"Basi kwa nini umelivalisha viatu vya matope mwaka mzima? Binti, waliokuambia uuze gari uliwakatalia. Huyu wa duka ukamwogopa kwa nini?"

Nililia pale kibandani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha nikapangusa uso, nikabeba tairi ile iliyopasuka kichwani, nikakatiza nayo soko zima hadi dukani.

Mwenye duka alinicheka. "Mama, mwanamke na tairi wapi na wapi? Uliendesha vibaya." Sikupiga kelele. Niliketi mlangoni, juu ya tairi yake mwenyewe, na kila mteja aliyeingia nikamwambia: ngoja, nikusomee umri wa hiyo unayotaka kununua. Nikawasomea na kuwaonyesha nyufa. Mmoja akaondoka, na wa pili, na wa tatu. Mwenye duka alinitisha kwamba ataita askari. Nikamwambia awaite, na wao nitawasomea. Jua lilipofika utosini alitoka nje jasho likimtoka. "Chagua unazotaka badala ya zile, uniondokee!"

"Nitachagua," nikasema, "na sitafanya haraka."

Nilizikataa mbili kwa umri, moja kwa sababu haikuweza kubeba uzito wa mizigo yangu. Nikachukua nne za majira yote, mpya, za namna moja, zenye meno ya wastani na mifereji ya kutosha kutoa maji. Wale wanaume wakasema nitawaita wanivute masika ijayo. Na kweli, nilikwama mara moja Wema. Walicheka wakanivuta, na mimi nikacheka nao. Lakini kwenye lami, kwenye mvua, nikikanyaga breki gari lilisimama. Sikutaka kitu kingine.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayetaka kubadilisha tairi. Jiulize kwanza njia yako ya kila siku ni ipi. Usinunue tairi ya safari unayoiwaza; nunua ya ile unayoifanya. Ukiwa mtu wa lami na murram, na matope mara mojamoja, za majira yote zinakutosha. Namba ya saizi imebandikwa kwenye mlango wa dereva, usikubali "inakaribiana". Tazama mwaka. Kunja mpira, tafuta nyufa. Uliza itabeba uzito gani. Ukiweza kununua mbili tu, mpya zifungwe nyuma, hata kama fundi atabisha, maana gari likiteleza nyuma hulirudishi. Na upepo upime wewe, tairi zikiwa bado baridi.

Watakaokwambia unawachelewesha, wachelewe. Watakaokucheka, wacheke mpaka wachoke. Aibu ya kuuliza nimeionja na aibu ya kunyamaza nimeionja, na nakuapia hazilingani hata kidogo.

Mungu akulinde barabarani na akulinde dukani. Akupe jicho la kuona na kinywa cha kukataa. Kila utakayempakia umfikishe mzima, na kila utokapo urudi kwa watu wako. Nenda, mwanangu. Na usimwombe mtu radhi kwa kuuliza.