Cherehani Isisimame

Nakumbuka siku moja ya mwisho wa likizo, mwanangu, nilipokuwa mke mchanga hapa Rangwe, nikishona sare nyumbani. Kesho yake Atieno, binti wa jirani yetu mjane, alitakiwa kuripoti shule ya bweni, na sare yake ilikuwa bado vipande mezani kwangu. Asingekuwa nayo, angerudishwa langoni.

Sikuwa mvivu. Ila anayefanya kazi nyumbani huonekana hana kazi. "Si uko tu?" watu waliniambia. "Nishikie huyu mtoto. Mvua ikija, anua omena yangu, hao dagaa nilioanika pale." Na mgeni akibisha, cherehani inanyamaza, chai inawekwa motoni. Niliona haya kukataa, nikidhani hiyo ndiyo adabu.

Asubuhi hiyo mama mkwe alinikuta nikishona huku nalia.

"Chukua mkoba, uage, utoke kwa geti kama mtu anaenda kazi," akasema. "Kisha uzunguke uingie jikoni kwangu. Cherehani nitaipeleka mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Niliporudi kwa nyuma, aliketi mlangoni pa jiko akichambua mboga, nami nikaanza kushona ndani.

Jua lilikuwa limepanda nilipoisikia sauti ya Waya, dada wa baba mkwe wangu. Kwetu huyo hanyimwi chai hata siku ya vita.

"Huyu msichana wenu ako wapi?"

"Ameenda kazi."

"Kazi gani? Na hiyo cherehani inalia huko ndani ni ya nani?"

Mguu wangu ukaganda. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Mama mkwe angeaibika mbele ya wifi yake kwa sababu yangu. Nikaanza kuinuka.

"Wewe! Usisimamishe hiyo mashine!" mama mkwe akafoka. Kisha taratibu: "Waya, hiyo ndiyo kazi ameenda. Atatoka jioni. Chai nitakupikia mimi, hapa nje."

Nikakanyaga cherehani tena. Mshono ukaenda kombo, nikafumua, nikaanza upya. Sikuinua kichwa mpaka kifungo cha mwisho.

Jioni nilipotoka, Waya bado alikuwepo, amenuna. Akanitazama, akaitazama sare mkononi mwangu.

"Umetoka kazi?"

"Nimetoka, Waya."

"Basi kuja ukule."

Atieno aliondoka alfajiri, sare imemkaa vizuri.

Wewe leo una kompyuta badala ya cherehani, lakini wageni ni wale wale, na wengine wamo kwenye simu yako. Mshika mbili moja humponyoka. Oga, vaa, aga watu, kisha ingia kazini hata kama kazi iko chumba cha pili. Sema kwa mdomo wako kwamba uko kazini, maana usipoiheshimu kazi yako hakuna atakayekuheshimia. Na jioni utoke kweli, ule na watu wako.

Mungu aibariki mikono yako, akupe utulivu wa moyo. Haya, chukua mkoba, uage, uzunguke. Mlangoni nipo mimi.