Ufunguo wa Ikulu Ndogo

Mwanangu, iko asubuhi moja ya miaka ya sabini ambayo sijaisahau hata leo. Nilikuwa mfanya usafi katika Ikulu Ndogo ya mkoa wetu, nyumba anayofikia Rais akija ziara. Alikuwa anakuja kesho yake, nami nilikuwa nimepoteza ufunguo wa chumba chake. Niliuchukua jana yake kwenda nao kijijini Kalenga, kuwaringishia rafiki zangu, ukanipotea huko. Ujinga wa ujana.

Afisa usalama alitupanga mstari. "Nani aliushika mwisho?"

Nikajibanza mwishoni mwa mstari. Macho yake yakatua kwa Mama Semeni, dobi wetu, mjane mwenye watoto wanne, maana ndiye aliyeingiza mashuka.

"Sema basi, binti, si tulikuwa wote tukitandika?" alinisihi askari wakimpandisha Landrova. Nikatazama chini.

Mzee Kihwele, mtunza bustani, alinikuta nimejificha nyuma ya jiko.

"Binti, unaijua nyumba hii?"

"Ni ya serikali, babu."

"Mawe yake niliyabeba kichwani, viboko mgongoni, enzi za mkoloni. Baadaye nikawa mpasua kuni humu. Siku moja saa ya bwana mzungu ikapotea, mwenzangu akapigwa mpaka akafa. Mimi nilikuwa nimeiona, imeanguka nyuma ya kabati. Niliogopa kusema." Akalichomeka panga lake ardhini. "Uhuru ulipokuja nikasema, sasa humu atalala mtu wetu. Na wewe, ukificha unachokijua, unataka turudi kulekule?"

Nilimfuata afisa, nikasema yote. Hakunipiga. Aliniuliza mara tatu nani aliuona ufunguo ule, na kila mara nilimtajia rafiki zangu walewale. Mchana kitasa kikabadilishwa, Mama Semeni akarudishwa, mimi nikafukuzwa kazi.

Nilimpigia magoti Mama Semeni. Akasema, "Nimekusamehe, ila usije kwangu kwanza." Nikaogopa kwenda kwake hata baadaye. Mwaka ukapita, na wa pili. Akafariki sijaenda.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi, mwanangu, ukikosea sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako. Na ukishasamehewa, usiuogope mlango wa aliyekusamehe. Ubishe hata kama unaona aibu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akupe na watu wa kukusikiliza. Nenda, baraka zangu zikutangulie.