Hatua ya Nane Niliikata Kola

Mume wangu ni fundi cherehani, mpole mpaka anakera. Miaka sita mfululizo amekwenda kwenye mashindano ya sataranji na kutolewa mechi ya kwanza. Wenzake wamembandika jina la Hatua Saba. Mwaka huu aliapa: akitolewa tena, ubao anamgawia jirani.

Asubuhi yenyewe, akinyoosha suruali yake, nikamchokoza. "Hivi baba watoto, kwa nini wanakuita Hatua Saba?"

"Ndizo ninazozijua."

Ufunguzi wake aliutoa kwenye kitabu kikuukuu. Unamtegea mwenzako askari wa bure mapema. Akimla, wewe unapata njia ya kushambulia. Mimi sijaona mtu akigawa mali yake akasema anashinda, lakini haya.

"Na ya nane?"

Akainamia pasi. "Ukurasa ule uliukata ukawa kipimo cha kola, mama watoto. Ule mwaka tulipopata kazi ya sare za shule."

Kazi ile sasa ina miaka tisa. Miaka tisa! Kwangu kifungo kikipotea mtaa mzima unajua. Yeye hakunung'unika hata siku moja.

Alipoondoka nikapekua karatasi za kukatia nguo zilizotundikwa msumarini. Kola ya karatasi ilikuwepo, na hatua ya nane imo, wino umefifia: malkia asogee pembeni. Nikafunga duka, mbio hadi ukumbini.

Nimechelewa. Saa ya mezani inahesabu, na mpinzani, mwalimu wa hesabu, keshamla askari. Ukimsemesha mchezaji, anafukuzwa. Nikakaa, mkoba mapajani, siri inaniunguza.

Hatua ya saba ikapita. Mume wangu akasugua kidole anachovalia subana ya kukinga sindano, kama afanyavyo kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa cha mteja mkali. Dakika ishirini. Kisha akasogeza farasi.

Farasi! Nikafumba macho.

Saa moja baadaye mwalimu alimlaza mfalme wake kukubali kushindwa, akatoa mkono. "Hatua ile umeitoa wapi, fundi?"

"Nimeishona hapahapa."

Nje nikampa ile kola. Aliisoma pande zote mbili, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Kumbe ningeipata, ningecheza hii, si yangu."

"Nisamehe, baba."

"Irudishe msumarini. Jumatatu tuna sare."

Nikaikunja polepole. Dukani sikurudi, raundi ya pili ilikuwa saa nane.