Kaptula Mbele ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Jumamosi wenzangu wakitoka kazini walikimbilia mpira, wengine bia. Mimi nilikimbilia kiti changu. Nilikuwa karani huko Ibanda, mtaa wa ofisi za Wazungu, na mchana ofisi ikifungwa nilipanda zangu mlimani, mtaani kwetu Bagira, kwenye zile nyumba mpya za matofali zilizofanana mno, hata siku moja niliingia kwa jirani nikavua viatu kabla ya kushtuka. Mke wangu alipokuwa hai aliwaambia wageni kwamba akinitafuta hana haja ya kutoka mlangoni. Alipofariki, kiti kilibaki, nami nikabaki juu yake, na binti yetu wa miaka kumi na moja akawa anapita pembeni yangu polepole, kama watu wanavyopita karibu na mgonjwa.

Ndivyo masera alivyonipata. Masera huyo, mtawa wa Kibelgiji mwenye hatua ndefu, alikuwa ameanzisha mpira wa kitunga kwa wasichana wa parokia: kitunga kisicho na kitako juu ya mlingoti, mpira unarushwa kwa mikono, na aliyeushika haruhusiwi kukimbia nao. Alitaka mzazi mmoja wa kumsaidia kufundisha, bila malipo. Kina mama walikuwa shambani au sokoni, kina baba walikuwa kwenye mpira wao wa miguu. Alibisha hodi safu nzima ya nyumba, na iliyokuwa na mtu ndani ni yangu tu. Aliponieleza kwamba katika mchezo huu mwenye mpira anasimama palepale, niliona kwamba hatimaye wametunga mchezo wangu.

Sikujua lolote, lakini nilikuwa nimesoma sekondari, na masera akaona inatosha. Nikamwendea fundi anishonee kaptula nyeupe, kwa sababu Wazungu wote niliowahi kuona wakifundisha michezo walivaa kaptula. Miguu yangu ilikuwa haijaona jua tangu nilipoacha shule. Mke wa seremala, jirani yetu, ambaye alikuwa na binti wawili katika timu na mdomo wa watu wanne, alinikagua siku ya kwanza kuanzia magoti kushuka.

"Papa Monitere," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mwalimu, "hiyo miguu uliazima kwa nani? Uirudishe mbele ya kuvunjika."

Tatizo la wasichana wetu lilikuwa adabu. Walilelewa kumpa mkubwa kwanza. Basi kila mpira ulipowafikia walimpelekea aliyewazidi umri, hata kama yuko mbali na kitunga, hata kama amezungukwa. Wasichana wa timu ya mtaa wa Kadutu waliligundua hilo mapema, wakawa wanamsubiri mkubwa wetu tu. Nikatafuta dawa: nikinyoosha mkono kumwonyesha mmoja wao, huyo ndiye mkubwa kwa muda huo. Dawa ikafanya kazi. Binti yangu, ambaye kwa urefu wake alisimama chini ya kitunga, naye akazoea kungoja mkono wangu kabla ya kurusha.

Nyumbani hatukuwa na mengi ya kusema. Mama yake ndiye aliyekuwa akituzungumzia sisi wawili, na alipoondoka tuliachwa kama watu wa lugha mbili tofauti. Lakini Jumamosi, uwanjani kando ya kanisa, mtoto alinitazama mara nyingi kuliko juma zima. Niliendelea kwa ajili hiyo. Masera alidhani napenda michezo.

Kisha mama mkwe wangu, mkulima wa Mwenga, akatuma neno kwa dereva wa lori. Likizo kubwa ikianza angekuja kuona mjukuu wake anakaaje. Akikuta anakaa vibaya, angerudi naye. Nilisugua sufuria, nikapaka chokaa ukutani, nikaamuru nyumba ionekane ina furaha. Binti yangu alinisaidia bila kuuliza, na kwa namna alivyosugua nilijua amesikia.

Bibi hakungoja likizo. Alikuja Jumamosi ya mechi yetu na Kadutu. Mke wa seremala alimkuta mlangoni petu, mlango umefungwa, akamleta uwanjani. Nilimwona akishuka kilima kwa njia itokayo Kasha, mzigo mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, hali chakula mbele yake, hapazi sauti mahali alipo. Kuhusu mapaja ya mkwe, sijasikia sheria yoyote, maana hakuna mzee aliyewahi kufikiri kwamba itahitajika. Sikungoja itungwe. Nikaingia nyuma ya rundo la kuni za misioni, nikachuchumaa.

Mechi ikaendelea bila mimi. Kupitia katikati ya magogo niliona binti yangu akipata mpira, peke yake kabisa, kitunga juu ya kichwa chake. Hakurusha. Aligeuka akatazama mahali pangu, akatazama upande wa pili, akatazama mlango wa kanisa. Wenzake walimpigia kelele. Masera akapuliza filimbi kwa kuwa alikaa nao mno, mpira wakapewa Kadutu. Ukaja tena, akafanya vile vile.

Mke wa seremala alinikuta huko nyuma. Safari hii hakutania.

"Mama mukwe wako anauliza: mutoto anatafuta nani? Nimwambie nini?"

Nilimwomba kikwembe chake cha juu, kile kitenge cha pili ambacho kina mama hufunga juu ya kingine. Hapo alicheka mpaka akaegemea kuni, lakini alikifungua akanipa. Nikakifunga kiunoni, nikatoka. Kumtazama bibi ilikuwa mwiko, kumpa mgongo ilikuwa tusi, basi nikasimama ubavu, kama picha iliyotundikwa vibaya, nikanyoosha mkono. Binti yangu akauona. Akarusha, mpira ukagonga ukingo wa kitunga ukatoka nje. Tulishindwa siku ile. Lakini alikuwa akicheka, na sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msiba.

Baada ya mechi bibi alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, mimi upande wa pili wa kona, na mke wa seremala katikati, maneno yakipita kwake. Bibi alisema kwa Kirega, mke wa seremala akanigeuzia kwa Kiswahili.

"Anasema wewe ni mukwe muzuri, umemuheshimu. Hana neno juu yako." Akasikiliza tena. "Anasema mutoto alikutafuta, na ukavaa kikwembe ukaja. Siku akitafuta mama, utavaa nini?"

Nilikuwa na majibu, na mengine yangekuwa ya Kifaransa kizuri. Yote yalihitaji mtu kuinuka, kuzunguka kona na kumtazama bibi machoni. Nikasema amwambie ni sawa, amchukue. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni, ameshika mpira wa masera. Aliangalia mkono wangu. Nilikuwa nimeuweka gotini.

Waliondoka Jumatatu kwa lori la mihogo. Niliomba ruhusa ofisini, nikafika kuwaaga nikiwa na suruali ndefu, na bado nikasimama ubavu. Binti yangu alikaa juu ya magunia karibu na bibi, ambaye alimfunika mabega kwa nguo yake mwenyewe. Nilimwona amekaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani. Mke wa seremala alinitazama nikija, akanisogezea nafasi. Masera aliuliza nani atasimama chini ya kitunga sasa. Nikamweka binti mdogo wa seremala, ambaye hakuwa mrefu na alikuwa anaogopa mpira. Ulipomfikia alisimama nao akinitazama. Nikanyoosha mkono, nikapaza sauti, na jina lililotoka lilikuwa la binti yangu.

Wote walisikia. Mtoto yule hakunisahihisha. Akaitika, akarusha.