Mguu wa Ng'ombe wa Padre

Kanisani tulifundishwa kwamba majivuno ni dhambi, na kwa jinsi nilivyoishi miaka mingi, nimelisikia fundisho hilo kuliko wengi wenu. Lakini jambo hili nitalisimulia kwa majivuno. Atakayekereka afunge kitabu akalale.

Ilikuwa enzi za Mdachi, mwanzoni mwa ile vita yao kubwa. Nilikuwa mjane kijana huko Handeni, nikiishi na mama mkwe wangu, na kazi yangu ilikuwa kufua nguo za kanisa. Padre wetu alikuwa Mwingereza, na Waingereza sasa walikuwa adui wa Wadachi. Askari walipokuja kumchukua walimpa muda wa kufunga virago tu. Alikuwa na ng'ombe jike mmoja mwenye ndama. Akanishikisha kamba mbele ya watu wote, akasema, "Mama, nitunzie mpaka nirudi."

Lilikuwa kosa la mgeni. Kwetu wakati ule ng'ombe alikabidhiwa mwanamume, na makabidhiano hayo yalikuwa na sheria zake. Mtunzaji hunywa maziwa, mwenye mali hubaki na ng'ombe na uzao wake. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenye mali ngozi na mguu mmoja wa nyuma, aone kwa macho yake kwamba mnyama hakuuzwa wala kufichwa. Nyama nyingine ni halali ya mtunzaji. Asipofikisha mguu ni mwizi, hata akilia machozi ya damu.

Mzee wa kanisa, aliyeachiwa ufunguo wa jengo, aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Sasa mwanamke, huyo ng'ombe akifa, ataupeleka mguu wapi?" Wanaume wakacheka. Nikavuta kamba yangu nikaenda zangu.

Nilimtunza yule ng'ombe kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Nilimtafutia majani mabichi hata wakati wa kiangazi, nikampa maji kabla sijanywa mimi. Jumapili mzee alipotusomea habari ya bwana aliyesafiri akawaachia watumishi mali yake, nilikaa wima kwenye mkeka wangu. Nilijua hapo nasemwa mimi. Wenzangu walikuwa wakisikia hadithi, mimi nilikuwa na kinyesi cha mali ya bwana kwenye vidole vya miguu.

Mbung'o hawajali uaminifu wa mtu. Ng'ombe akaanza kukonda, manyoya yakamsimama, macho yakawa yanatoka machozi. Asubuhi aliyoshindwa kuinuka nilimwita jirani yetu Mwislamu amchinje kabla hajakata roho, ili mama mkwe, ambaye alisali Kiislamu, na majirani wote waweze kula. Nililia, sifichi. Kisha nikajifuta machozi, nikautenga mguu wa nyuma, nikautundika juu ya meko ukauke kwa moshi. Ngozi nikaiwamba uani. Ndama alibaki, alikuwa jike, na alishaacha kunyonya.

Nyama ile iliisha upesi, halafu ikaja njaa. Askari walichukua mahindi maghalani, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita. Tulichimba mizizi porini. Mama mkwe alikuwa akikaa karibu na meko akiutazama ule mguu, na mafuta yakidondoka kwenye majivu alikuwa akimeza mate.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "huyo padre wako anakula kwa Mdachi. Mimi nakula kwa nani?"

Maneno hayo yalinichoma. Mwanawe alipofariki angeweza kunirudisha kwetu, naye alikataa. Nilimpenda kama mama aliyenizaa.

"Mama, ule si wetu," nikasema.

"Humu ndani kuna kipi kilicho chetu?"

Nikaenda kuchimba mizizi mingine.

Ndipo mzee wa kanisa akaja. Alikaa, akaukagua mguu, akazungumza kwa upole ambao sikuuzoea kwake. "Padre harudi, mwanangu. Mungu ameuona uaminifu wako, na thawabu yako iko mbinguni. Uleni huo mguu. Ila ndama nitamchukua mimi, maana mali ya kanisa haiwezi kukaa kwa mwanamke ambaye hajatoa hesabu ya mama wa huyo ndama."

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakaniwaka. Nile mguu, kisha nipokonywe ndama kwa sababu nimekula mguu! Nikamwambia, "Mzee, thawabu ya mbinguni atanipa mwenye mbingu. Mguu ni wa padre. Nikishamalizana naye, ndipo uje tuzungumze habari za ndama."

Tulikuwa tumesikia kwamba padre na wenzake wanazuiliwa Korogwe, katika nyumba moja karibu na stesheni ya gari moshi, na kwamba karibu watapelekwa bara. Wakishapelekwa, basi tena. Ningebaki mwizi mpaka kufa, na hakuna mwanamke ambaye angekabidhiwa hata kuku baada yangu. Nikamwachia mama mkwe ndama, nikaufunga mguu ndani ya ngozi, nikajitwika, nikashika njia.

Kila aliyenusa mzigo wangu alitaka kujua bei. Nilimumunya ukwaju ili tumbo liache kelele, na usiku nililala kwa watu nisiowajua, mzigo nimeulalia. Nilipovuka Mto Pangani na kuziona nyumba za Korogwe, shingo ilikuwa imekakamaa hata siwezi kugeuka.

Mlangoni kwa wafungwa askari alinizuia. "Umeficha barua ya Waingereza humo," akasema. "Nikiipata utakula viboko hamsa ishirini." Alifungua ngozi kwa ncha ya singe, mguu ukabingirika chini. Sikukimbia. Aliutazama mguu, akaitazama ngozi, kisha akanitazama mimi. Lafudhi yake ilikuwa ya bara, kule kwenye ng'ombe wengi.

"Umetoka wapi na hii, mama?"

"Handeni."

"Kwa miguu?"

"Sina mabawa."

Alicheka, akaweka bunduki begani. "Hata kwetu tunafanya hivi. Lakini sijaona mtu akimfanyia mfungwa." Akaenda mwenyewe kumwita padre.

Padre alikuwa amekonda, ndevu zimemfika kifuani. Alipouona mguu uso ukamng'aa. "Mama, umeniletea chakula! Mungu akubariki sana!"

"Sikuleta chakula, padre. Nimeleta ng'ombe wako."

Akachungulia nyuma yangu kumtafuta ng'ombe. Askari akashindwa kuvumilia. "Bwana, ng'ombe wako amekufa! Huyu mama ametoka kwao kuja kukuonyesha. Sema umemwona, aondokane na deni."

Padre alichuchumaa, akapitisha mkono juu ya ngozi mpaka kwenye lile baka jeupe la ubavuni, ambalo alikuwa akilipapasa kila asubuhi wakati wa kukamua. "Nimemwona," akasema. Kisha akaanza kunieleza habari za taji nitakalovikwa mbinguni, lakini akaacha katikati. Akauliza tu, "Na ndama?"

"Yupo. Jike, na amenenepa."

"Endelea kumtunza."

Nilijiona mrefu kuliko stesheni. Mguu ulibaki kwake. Ngozi alinirudishia, akasema niilalie mimi.

Wapagazi wa kwetu waliokuwa stesheni na mizigo yao waliona kila kitu, nao walifika Handeni kabla yangu. Nilimkuta mama mkwe amekaa mlangoni, kamba ya ndama ameifunga kwenye kifundo cha mkono wake. "Yule mzee wako alikuja," akasema. "Nimemwambia akimtaka ndama, aanze kunikata mkono."

Kesho yake asubuhi mzee wa kanisa alikuja tena, safari hii akivuta mbuzi wake mwenyewe, mwenye mtoto na kiwele kimejaa. Hakuomba radhi, na mimi sikumdai. Alininyooshea kamba huku akitazama pembeni. "Nitunzie huyu. Sheria unaijua."

"Naijua, mzee."

Padre yule hakurudi. Vita ilipokwisha, padre mwingine alipokea kutoka mkononi mwangu kundi dogo lililotokana na ndama yule, wanaume wote wakitazama. Nawasikia wenzangu wa umri huu wakisema wanakwenda mbinguni kupumzika. Mimi sijui kupumzika. Siku ile nilipopokea kamba ya mbuzi nilijua mtumishi mwaminifu hulipwa nini: huongezewa kazi. Ndiyo thawabu ninayoingojea, na sioni haya kusema kwamba naistahili.

Asubuhi ile, mzee alipoondoka, nilimkamua yule mbuzi pale pale, nikampa mama mkwe kibuyu awe wa kwanza. Alikunywa amefumba macho, mpaka tone la mwisho. Kisha akajifuta kidevu, akaniuliza kama hakuna padre mwingine mwenye ng'ombe.