Kanisa la Jineri

Asubuhi ya kwanza baada ya kiwanda kufungwa, Ndolo aliamka mapema kama kawaida, akavaa ovaroli yake ya buluu, akanywa chai, akaenda kazini. Mkewe Syokau alidhani anakwenda kuchukua vitu alivyoviacha huko. Jioni alirudi mikono imejaa grisi, akanawa, akala. Kesho yake akaenda tena.

Kilikuwa kiwanda cha kuchambulia pamba, si mbali na soko la Kwa Vonza, na watu wote walikiita jineri. Babu yake Bwana Amin ndiye aliyekijenga zamani za wakoloni, kuta za mawe na paa refu la mabati, na kwa nyuma chumba cha injini. Miaka ya sitini, msimu wa pamba ulipoanza, punda walipanga foleni hadi barabarani, na akina mama walifika wameinama chini ya magunia, kamba zimewakaza kwenye paji la uso. Ndolo aliingia hapo kama mbebaji wa marobota, akaishia kuwa mtu wa injini. Syokau naye alikuwa kwenye kundi la wanawake waliotenga pamba safi na chafu. Injini ilinguruma mno hivi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo Ndolo alimposa kwa ishara za mikono mbele ya wanawake wote, na Syokau akacheka mpaka akalazimika kukaa chini. Walioana mwaka wa sitini na nne. Mtoto wao wa kwanza, Ndila, alijifunza kulala mchana kwa mlio ule, na injini ikizimwa aliamka akilia.

Baadaye pamba ilipoteza bei, wakulima wakageukia pojo na kunde. Kisha ukaja ukame wa themanini na nne, ule ambao Wakamba waliuita Nikw'a Ngwete, kwa maana mtu angeweza kufa njaa na pesa zake zimo mkononi. Watu walikula mahindi ya manjano ya msaada, na hakuna aliyekumbuka pamba. Bwana Amin aliwakusanya wafanyakazi uani, akawalipa haki yao, akawaambia kwamba yeye na mkewe Sauda wanahamia kwa jamaa zao Mombasa. Wengine walipoondoka, Ndolo alibaki. Aliomba aachiwe ufunguo wa chumba cha injini tu. Bwana Amin akautoa kwenye pete ya funguo akampa.

Tangu hapo Ndolo akawa mfanyakazi wa kiwanda kisichokuwapo. Aliipaka injini mafuta, akaifunika magunia ili vumbi lisiingie, akalizungusha gurudumu lake zito kwa mikono ili vyuma visishikane. Nyumba ilibaki mabegani mwa Syokau. Alisuka vyondo, akachimba makingamaji ya kuzuia mmomonyoko katika miradi iliyolipa kwa chakula, akawalipia watoto karo. Kuna siku uvumilivu ulimwishia.

"Baba Ndila, watoto wanakula jasho langu, na wewe unalisha chuma," alimwambia.

Ndolo hakukasirika. "Injini isipoguswa inakufa," alisema. "Siku wakirudi wataniuliza mimi."

Syokau alijua kwamba hakuna atakayerudi. Lakini alijua pia kwamba wale wenzake Ndolo waliokaa nyumbani baada ya kufungwa kwa jineri walikuwa wamezama kwenye pombe. Akamwacha.

Kadiri miaka ilivyosonga, jengo lilianza kuliwa. Mabati ya ukumbi mkubwa yaling'olewa moja baada ya lingine. Milango ilitoweka. Lori la wanunuzi wa vyuma vikuukuu lilionekana likipita polepole mara kwa mara, na wakati mmoja Ndolo alisimama mlangoni na spana mkononi mpaka likaondoka. Syokau aliona kwamba mtu mmoja hawezi kulinda jengo lile, tena mtu anayeanza kukohoa.

Mvua kubwa za mwaka wa themanini na nane ziliangusha ukuta wa kanisa lao la udongo. Waumini wakawa wanasali chini ya turubai. Hapo ndipo Syokau alipopata wazo, na wazo lenyewe lilimfurahisha hata akashindwa kulala. Alikwenda kwa Kivuva, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mwenye duka pale sokoni, akamweleza kuwa jineri ikigeuzwa kanisa, hakuna atakayethubutu kuiba bati hata moja. Kivuva aliipenda habari hiyo papo hapo. Bwana Amin alipokuja Kitui kwenye mazishi ya ndugu yake, Syokau alikwenda kumwona.

"Chukueni," mzee huyo alimwambia. "Mimi ni Mwislamu na nyinyi mtaimba nyimbo zenu humo, hilo halinisumbui. Ila jengo msilibomoe."

Syokau naye alikuwa na sharti lake mbele ya kamati. Mashine za kuchambulia zitolewe ukumbini, lakini injini ibaki chumbani mwake, na Ndolo abaki nayo. Kivuva alimpa mkono.

Ndolo alizifungua mashine zile yeye mwenyewe, skrubu kwa skrubu. Waumini walichangia mabati, wakapaka chokaa, wakaweka mabenchi. Jumapili ya kwanza waliimba mpaka kuta zikaitikia, na Syokau alilia kwa furaha. Ndolo hakukaa kwenye mabenchi. Alisikiliza mahubiri akiwa chumbani mwa injini, mlango umeachwa wazi kidogo. Siku moja ya Krismasi, vijana wa kwaya walimnunulia dizeli, naye akaiwasha injini. Moshi mweusi ulitoka, kisha mngurumo ukatokea na kuenea soko zima. Watu walitoka madukani. Wanawake waliokuwa wakitenga pamba zamani, sasa wenye mvi, walishikana mikono uani wakicheka na kufuta machozi. Syokau alimwona mumewe akimfanyia ishara kupitia dirishani, zile zile za kumposa.

Ile miaka michache ilikuwa mizuri. Halafu kifua cha Ndolo kikamshinda. Daktari alisema vumbi la pamba lilikuwa limekaa humo muda mrefu, na Ndolo akalazwa hospitalini mjini Kitui. Syokau alikaa naye, akilala kwa shangazi yake mjini. Aliporudi nyumbani kuchukua nguo safi, alipita kanisani kumwombea. Mlango wa chumba cha injini ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na shimo, misumari minene ya chuma iliyokatwa, na mafuta meusi yaliyomwagika sakafuni. Fundi alikuwa akichanganya saruji.

Alimfuata Kivuva dukani.

"Dada, watoto wa shule ya Jumapili wanakaa juani," Kivuva alisema kabla hajaulizwa. "Kanisa limejaa. Tulihitaji chumba. Na chuma hakisali."

"Ulinipa mkono, Kivuva."

"Nilikupa." Alikuwa akipanga sabuni rafuni, hakugeuka. "Lakini kamati ilipiga kura. Na tulidhani mzee hatarudi."

Syokau alirudi hospitalini na nguo, asiseme. Ndolo alizungumza juu ya mafuta yanayohitaji kubadilishwa, juu ya panya wanaopenda kutafuna magunia, na Syokau aliitikia kila neno. Alijiambia kwamba atamweleza akipata nguvu. Kisha akapata nguvu, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na Syokau bado alikuwa hajamwambia.

Asubuhi iliyofuata Ndolo aliitafuta ovaroli yake. Alikuwa ameingiza mguu mmoja Syokau alipomshika bega, akamwambia. Alikaa kitandani vile vile, nguo nusu imevaliwa.

"Waliitoa nzima?" aliuliza.

Angeweza kumdanganya. Kwa miezi mingi baadaye alijiuliza kwa nini hakumdanganya.

"Waliivunja. Haikuweza kupita mlangoni."

Ndolo aliutoa ule mguu mmoja polepole, akaikunja ovaroli. Syokau alianza kusema kwamba ni yeye aliyewaleta watu wale mle ndani, na Ndolo akamkatiza. "Bila wao hata kuta zingekuwa zimekwisha," alisema. "Ulifanya vizuri, Mama Ndila." Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Syokau zaidi. Siku hiyo Ndolo hakutoka nyumbani, wala siku zilizofuata. Alifariki kabla ya mvua za Oktoba.

Mchungaji alitaka ibada ya mazishi ifanyike kanisani. Syokau alikataa, na wakaiendesha uani kwake. Kivuva alikuja, akashika koleo pamoja na vijana akafukia kaburi mpaka shati likalowa. Ndila alimsihi mama yake wahamie Nairobi, naye akakataa vilevile. Alikaa muda mrefu bila kukanyaga kanisani. Mwishowe alirudi, kwa sababu marafiki zake wote walikuwa humo, na wajukuu wake walijifunza nyimbo katika kile chumba.

Katikati ya miaka ya tisini walifika wageni kutoka Nairobi, watu waliokuwa wakipiga picha za majengo ya zamani. Walilisifu kanisa lile sana. Walisema viwanda vingi vya umri huo vimebomolewa, na kwamba waumini hawa wamefanya jambo la busara kukitumia kiwanda hiki badala ya kukiacha kife. Kivuva, sasa mzee wa mkongojo, aliwazungusha, akawaonyesha mawe na mbao za paa. Walipofika chumba cha nyuma, bibi mmoja kati ya wageni aliuliza hapo palikuwa na nini zamani.

Kivuva alimtazama Syokau aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo.

"Palikuwa na mume wangu," Syokau alisema.

Yule bibi alidhani hakueleweka, akaliuliza swali upya, kwa Kiswahili cha polepole zaidi. Syokau alimaliza kupanga vitabu, akachukua kiondo chake, akawaaga kwa heshima, akaenda zake nyumbani.