Siku Nilipomkimbia Mkwe Wangu na Gauni la Hospitali

Wacha nicheke mimi kwanza, ingawa soko lote la Karatina lilishacheka likamaliza.

Mimi ni mama wa kuuza viazi. Shule nilifika darasa la tatu (mwalimu alisema niko na kichwa, baba akasema niko na mgongo, na shambani ni mgongo ulikuwa unatakikana). Sasa siku moja nikioga nikashika kitu kwa titi la kushoto, kigumu, kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi. Nikanyamaza. Miezi minne nimenyamaza tu, kwa sababu kwetu ukionekana kwa foleni ya kupimwa matiti, kabla ufike nyumbani watu wameshakuchagulia nyimbo za mazishi.

Mwisho usingizi ukakataa, nikasema nitaenda Nyeri mjini, mahali sijulikani. Pale dirishani msichana akaniuliza jina, nami nikampa la jirani yangu, Nyaguthii. Hilo tu, jina moja. (Nyaguthii ni mtu mzuri, shida yake ni kuazima sufuria na kusahau.)

Wakanivisha lile gauni la kufungwa na kamba huku nyuma, nikakaa kitandani nikiangalia ukuta na kuomba, mara pazia likavutwa.

"Habari yako, mama Nyaguthii."

Nikageuka. Ni Kariuki, mkwe wangu, yule alileta mbuzi za mahari ya binti yangu Wanjiku mwezi uliopita, na siku hiyo hata chai nilimpa nikiangalia kando, maana kwetu mkwe na mama mkwe ni heshima, hamuonani hata vichwa wazi, sembuse hayo mengine. Nilijua ni daktari, lakini wa Othaya. Kumbe alikuwa amehamishwa.

Akafunga macho. "Mama, mimi sijaona kitu."

"Hata mimi sijakuona," nikamwambia, nikaruka kitandani nikatoka mbio, nikapita katikati ya watu wa kungoja na mgongo wote nje (na mgongo hauishii kwa mgongo), na pale kwa benchi ya mwisho, nani ameketi? Nyaguthii mwenyewe.

"Mama Wanjiku! Si ulisema unaenda mazishi Kenol?"

"Na wewe si ulisema unaenda kusaga mahindi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikafika mlangoni, Kariuki huko nyuma akiita kwamba huyo ni mama mkwe wake, na muuguzi mmoja mama mzee, mtu wa kutoka upande wa Busia, akanishika na ile kamba ya gauni kama ng'ombe.

"Mama, hiyo kitu iko ndani yako haijui mkwe ni nani. Rudi, nitakupima mimi. Ungeandika jina yako, huyo kijana angeiona aniite mapema, na hakuna mtu angekimbia."

Nikasema nitakuja siku nyingine. Akamwonyesha Nyaguthii na kidole, maana kwa orodha yake kulikuwa na Nyaguthii wawili.

"Na majibu yakitoka mabaya tupigie nani simu? Huyu?"

Hapo nikaachilia mlango. Niliona ugonjwa wangu ukienda kubisha kwa nyumba ya mtu mwingine, na mimi niko sokoni napima viazi, sijui. Nikarudi, nikaandikwa upya.

Majibu yalikuwa mabaya, siwezi kuwadanganya, lakini kitu kilikuwa bado kidogo na wakakitoa. Miezi hiyo minne, daktari mkubwa aliniambia, nilicheza na moto. Nyaguthii hakupatikana na kitu chochote (isipokuwa sufuria yangu). Kariuki alituma mbuzi ya kuosha ile aibu, tukaichinja, naye akala akiwa amekaa nyuma ya nyumba.

Sasa nikienda kliniki, dirishani natoa jina langu, la baba yangu na la ukoo, kwa sauti, mpaka askari wa geti anasikia. Mkwe wangu naye akilisikia anatoka na mlango wa nyuma.

Na kamba za gauni siku hizi nafunga mafundo matatu.